Namna ya Kuwasha Taa za Stesheni ya Babati

Babati haina stesheni. Haina reli, haina behewa, haina hata kipande cha chuma kichakavu ambacho wazee wangekionyesha na kusema hapa palipita treni ya Mjerumani. Barabara Kuu ya Kaskazini inatukata katikati na malori ya Singida na Dodoma yanahema usiku kucha, lakini anayetaka kusikia treni ikipiga honi lazima apande basi. Aende Arusha, kilomita 170 hivi, ambako reli ya kutoka Tanga ilifika mwaka 1929. Au Dodoma, kilomita 250 na kitu, ambako tangu Julai 2024 treni ya umeme inaingia kutoka Dar es Salaam. Au Singida, mwisho wa tawi linalotokea Manyoni.

Hali hii ina faida zake. Mtu akiamua kuijengea Babati reli, juu ya meza, hana mshindani wala mkaguzi. Upembuzi yakinifu unakamilika kabla chai haijapoa. Eneo la mradi linatwaliwa sebuleni, na anayestahili fidia ni mmoja tu, yule aliyekuwa akiandaa chakula kwenye meza hiyo. Kitenge doti moja kwa kawaida kinamaliza shauri, ingawa wako wanaokata rufaa.

Basi tuchukulie mradi umepita. Reli imetandikwa, stesheni ya kadibodi imesimama, nyumba za mabua ya mahindi zimeezekwa kwa bati la kopo, na Mlima Kwaraa umefinyangwa kwa magazeti na gundi ya unga wa ngano. Jua linazama, na ndipo unapogundua kwamba mji wako mzima hauna taa hata moja. Endelea kusoma.

Chagua mwaka kabla ya taa

Usianze kwa kununua. Anza kwa kuamua stesheni yako iko mwaka gani, maana mwanga nao una umri wake, na hakuna kitu kinachomvunjia heshima stesheni masta wa mwaka 1914 kuliko kumulikwa kwa taa ya bajaji.

Huo 1914 ndio mwaka Reli ya Kati ilipofika Kigoma. Ukiuchagua, mji wako unawaka chemli na vibatari: mwanga mdogo wa rangi ya machungwa, ulioinama chini, unaoacha nusu ya jukwaa gizani. Ukichagua 1976, mwaka TAZARA na kilomita zake 1,860 ilipokabidhiwa, una ruhusa ya balbu za njano nje na tyubu moja nyeupe ofisini. Ukichagua 2024 na SGR, mulika kila kona iwe nyeupe pe, na juu ya reli simika nguzo za waya ambao kwenye reli yenyewe unabeba volti 25,000. Kwenye meza yako waya huo utabeba volti sifuri. Naomba hilo liheshimiwe.

Mimi, kama mkazi wa Manyara, nachagua miaka ya 1950, na sababu yangu ni ya kisiasa. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliagiza kwa Beyer, Peacock wa Manchester injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, daraja la 59, zikaingia kazini 1955 na 1956. Kwenye reli za upana wa mita moja hakukuwa na injini ya mvuke duniani iliyozishinda nguvu. Kila moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250, imepakwa maruni, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja iliitwa Mount Hanang. Yaani mlima wa mkoani kwetu uliandikwa ubavuni mwa injini, halafu ukapelekwa kuvuta mizigo ya watu kati ya Mombasa na Nairobi! Hanang huyo hakuwahi kukanyaga Manyara, kwa kukosa pa kukanyaga. Mwenzake Mount Gelai, namba 5918, bado yupo kwenye makumbusho ya reli jijini Nairobi, anapigwa picha na wanafunzi. Kwenye meza yako unaweza kuifuta dhuluma hii ya kihistoria na kumrudisha Hanang nyumbani, ingawa atarudi akiwa na urefu wa sentimita 36 hivi.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mwali wa kibatari uko karibu na 1,900, balbu ya kizamani yenye uzi ndani iko 2,700, na LED nyeupe utakayopewa dukani usipouliza iko 6,000 na zaidi. Namba ikipanda, mwanga unapoa. Ukikosa LED yenye mwanga wa joto, chukua hiyo nyeupe uipake makapeni ya rangi ya machungwa, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka stesheni iache kufanana na chumba cha upasuaji. Rangi ya kucha inashika vizuri zaidi. Iombe, usiichukue kimyakimya; kumbuka rufaa ya meza bado haijasikilizwa.

Sufuria juu ya mlingoti

Sasa ukubwa, na hesabu yake ni ya shule ya msingi. Kipimo cha 1:87, ambacho wapenzi wa reli za mezani wanakiita HO, maana yake ni kwamba kitu chochote juu ya meza ukikizidisha mara 87 unapata ukubwa wake wa kweli. LED ya kawaida ya fundi redio ina kipenyo cha milimita 5. Mara 87 ni sentimita 43 na nusu. Umesimika sufuria ya ubwabwa wa shughuli juu ya mlingoti, halafu unaiita taa. Ile ya milimita 3 inakuwa sentimita 26, sufuria ya familia. Na kama ulichagua kipimo kidogo cha N, 1:160, hiyo ya milimita 5 inafika sentimita 80, na hapo usalama wa abiria siwezi kuudhamini.

Zamani watu walitumia balbu ndogo za uzi, ambazo huko zinakotengenezwa huitwa kwa ukubwa wa nafaka: punje ya ngano, na ndogo yake punje ya mchele. Mwenye kula mchele wa Magugu asijaribu kulinganisha. Mwanga wake ni mzuri, wa njano, hauhitaji makapeni, lakini kila moja inaweza kula miliampea 60 na kuendelea, na inapata joto la kukunja paa la plastiki. Nyumba zako ni za mabua makavu. Sina haja ya kuongeza neno. Kama unazo tayari na unazipenda, zile za volti 12 ziwashe kwa volti 9. Zitazidi kuwa za njano, na umri wao utarefuka sana.

Za kisasa ni LED bapa zisizo na miguu, za kubandika. Saizi inayoandikwa 0603 ina urefu wa milimita 1.6 na upana wa 0.8. Saizi ya 0402 ina milimita 1 kwa nusu milimita, ambayo kwa kipimo chetu ni sentimita 8.7 kwa 4.4, na hiyo sasa ni balbu ambayo binadamu anaweza kuikubali. Ubaya wake ni kwamba ukipiga chafya imekwenda, na usiitafute. Anayetaka kuilehemu aibandike kwanza kwenye selotepu, azime feni, afunge mlango, na asijibu salamu.

Hukuzipata? Taa nzuri kuliko zote kwa reli ya mezani zinauzwa hapa hapa mjini, ila wauzaji hawajui kama ni za reli. Nenda kwenye maduka ya mapambo ya pikipiki na bajaji, uliza utepe wa LED wa volti 12. Ukiutazama kwa karibu utaona alama ya kukatia kila baada ya LED tatu. Kwenye utepe wenye LED 60 kwa mita, ni kila sentimita 5. Kata hapo tu, si pengine. Kila kipande kimezaliwa na rezista yake ndani, kwa hiyo ni taa kamili: chanya, hasi, volti 12, kazi imekwisha. Kipande kimoja kinatosha dari ya stesheni, na mita moja ina vipande 20, ambavyo ni mji mzima kwa gharama ya kurembesha bajaji moja. Ule unaobadilisha rangi wenyewe uache, isipokuwa unajenga baa.

Kwa fundi

Hata hivyo siku itafika ya kwenda kwa fundi redio. Meza yake unaijua. Redio zimefumuliwa matumbo, king'amuzi kimekaa uchi bila mfuniko, maltimita ina kioo kilichopasuka na waya zilizofungwa kwa selotepu, na moshi mwembamba wa risasi unapanda mbele ya uso wake bila yeye kuujali. Pembeni kuna boksi la biskuti limejaa vitu vidogo vyenye mistari ya rangi, vilivyong'olewa kwenye vyombo marehemu. Hilo boksi ndilo limekuleta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Naomba LED nyeupe ishirini, ndogo kuliko zote ulizonazo, na rezista ishirini za 1.8k."

"Za nini mzee, tochi?"

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukisema unawasha taa za stesheni ya Babati, kwanza atachungulia barabarani kuona kama kuna mradi umepita asijue. Pili atawaita wenzake. Tatu bei itapanda, kwa sababu sasa umeshakuwa mkandarasi. Sema ndiyo, ni za tochi. Kama umri wako unaruhusu, sema za boda. Akikubana sana, sema za mtoto, somo la fizikia. Sijaona mtu aliyenyimwa kitu Babati kwa ajili ya somo la fizikia.

Swali la kwa nini unataka rezista nyingi kiasi hicho ni la haki, na ujue kulijibu. LED haina kiasi. Ukiipa volti 12 moja kwa moja itatoa mwanga mkali kuliko wote maishani mwake, mara moja. Rezista ndiyo inayoipimia. Chukua volti za umeme wako, toa volti za LED yenyewe, ambazo kwa nyeupe ni kama 3 na kwa nyekundu kama 2, kisha gawanya kwa mkondo unaoutaka. Kumi na mbili toa 3 ni 9. Miliampea 5 ni ampea 0.005. Tisa gawanya kwa 0.005 ni omu 1,800, ndiyo hiyo 1.8k, yenye mstari wa kahawia, wa kijivu na mwekundu. Kwa LED nyekundu jibu ni 2,000, na rezista ya 2.2k inafaa bila ugomvi. Ukitumia chaja ya simu ya volti 5, LED nyeupe inataka omu 400. Boksini utapata 390 au 470, chukua yoyote.

Fundi atakushauri uipe LED miliampea 20, maana inazibeba, na kwa fundi taa isiyoumiza macho ni taa mbovu. Mkatalie kwa adabu. Tano zinatosha jukwaa. Kwa dirisha la nyumba yenye kibatari weka rezista ya 10k kwenye zile volti 12. LED itapata chini ya miliampea moja, na utashangaa jinsi inavyotosha.

Kila LED iwe na rezista yake. Usizipange kumi sambamba nyuma ya rezista moja ukitumaini zitagawana kindugu. Hazilingani kabisa hata zikitoka pakiti moja, na ile inayofunguka kwa volti kidogo itachukua fungu kubwa huku nyingine zikiangalia. Mguu mrefu ni chanya. LED isipowaka, kabla hujamrudia fundi kwa ukali, igeuze.

Umeme wa mji usitoke relini

Treni za mezani za kawaida zinapata umeme kutoka kwenye reli zenyewe, volti sifuri hadi 12. Ukizungusha kitasa volti zinapanda na treni inakimbia; ukibadilisha chanya na hasi inarudi kinyumenyume. Ni mpango mzuri sana kwa treni. Mwenye haraka anaona waya mbili tayari zimefika mezani, anaunga na taa za mji hapo hapo.

Matokeo ni haya. Treni ikisimama stesheni kushusha abiria, mji mzima unazimika. Ikianza kuondoka, mji unaanza kuona. Ikifika mwendo ambao mkuu wa usalama barabarani angeuandikia faini, mji unang'aa. Ikirudi nyuma, LED zote zinagoma kwa sababu umeme umezigeukia. Wako watakaokuambia kwamba huo ndio uhalisia wenyewe. Usiwasikilize. Treni iwe na chanzo chake, mji uwe na chake, na visijuane.

Chanzo bora kwa mji, kwa hali yetu, ni adapta ya king'amuzi kilichokufa. Kila nyumba ina moja kwenye droo, imeviringishwa pamoja na chaja za simu ambazo hazipo tena duniani. Soma maandishi yake madogo: volti 12 za DC, ampea moja, moja na nusu au mbili. LED 40 kwa miliampea 5 ni miliampea 200 tu, kwa hiyo hata ya ampea moja itakuwa inasinzia. Hizo ni wati 2.4. Uniti moja ya LUKU, ukiacha kinachopotea ndani ya adapta, ingeuwasha mji wako kwa zaidi ya saa 400. Basi mtu yeyote pale nyumbani akidai uniti zinaisha kwa sababu ya treni, usibishane, mwonyeshe pasi.

Chaja ya simu nayo inafaa kwa mji mdogo, ilimradi umebadilisha rezista kama tulivyohesabu. Pawabenki ina tabia moja ya kuudhi: nyingi zimefundishwa kujizima zikiona mzigo ni mdogo, zikidhani simu imejaa. Unawasha kijiji chako cha taa sita, unakaa kwenye kiti, unavuta pumzi, pawabenki inaamua kwamba kijiji hakipo.

Betri ya sola ndiyo ya kujidai nayo, kwa sababu siku umeme wa mtaa ukikatika stesheni yako inabaki inawaka, na jirani anaweza kuja kuomba kuchaji. Ina mambo mawili ya kuchunga. Inaitwa ya volti 12, lakini paneli ikiwa inaijaza inapita 14. LED zenye rezista zao hazitajali. Jambo la pili ni zito zaidi: betri haina aibu. Waya zako mbili zikigusana, adapta nzuri itajizima, ila betri itamwaga kila ilichonacho mpaka waya uwe mwekundu. Nunua kwa fundi fyuzi ya kioo ya ampea moja, uiweke karibu kabisa na betri, kabla ya kitu kingine chochote.

Na hapa sitanii. Zile taa za Krismasi zinazochomekwa ukutani moja kwa moja bila adapta zina umeme wa volti 230 kwenye waya wake wote, hata kama kila kibalbu kinaonekana cha kuchezea. Usikate kipande ukakileta kwenye meza inayoshikwashikwa na watoto. Vilevile usipasue balbu ya LED ya nyumbani ukatumia sakiti yake. Nyingi hazina kitu kinachokutenga na umeme wa ukutani. Kitu chochote kinachofika juu ya meza kiwe kimeshapita kwenye adapta au kimetoka kwenye betri. Basi.

Waya zisizoonekana

Chini ya meza pitisha waya mama mbili nene, nyekundu na nyeusi, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na kila taa ishuke kuziunga. Asiyefanya hivyo ataunga taa kwenye taa, taa kwenye taa, na siku moja itakapozima atakuwa chini ya meza na tochi mdomoni hadi adhana ya alfajiri.

Juu ya meza waya uwe mwembamba hadi usionekane, na huo unapatikana kwa fundi anayesuka mota: waya wa shaba wenye ngozi ya vanishi. Omba mabaki ya unene wa milimita 0.2, akikupa bure usishangae, kwake ni taka. Ngozi hiyo haipitishi umeme na risasi haiishiki. Bana ncha ya waya kati ya wembe na kidole gumba, vuta taratibu kuelekea kwako, zungusha waya kidogo, vuta tena, hadi ule ukahawia utoke na shaba ibaki safi pande zote. Ukivuta kwa hasira imekatika, anza upya.

Mlingoti wenyewe unao mfukoni. Mrija wa wino wa kalamu una unene wa kama milimita 3. Mara 87 ni sentimita 26, unene wa nguzo ya umeme ya mti. Taa ya mita 6 kwenda juu inataka sentimita 6.9 za mrija. Usafishe kwa spiriti, ukate, upake rangi ya kahawia, pitisha waya mbili ndani, LED juu, rezista chini ya meza ambako hakuna wa kuiona.

Treni nayo inataka taa moja ambayo watu wa mezani wanaisahau: ile nyekundu ya mkiani. Kwenye reli za kweli taa hiyo ndiyo inayomthibitishia stesheni masta kwamba treni imepita nzima, hakuna behewa lililobaki porini. Usiichukulie umeme relini, itakuwa inapepesa. Ficha ndani ya behewa la mwisho betri ya kitufe, CR2032, ile inayotumika kwenye rimoti za magari, pamoja na rezista ya omu 470 na kiswichi. Itakupa mwanga wa saa 100 hivi, na stesheni masta wako wa kadibodi atalala.

Giza ndiyo kazi yenyewe

Sasa washa. Utaona kuta za stesheni zinang'aa zote, mwanga unapenya kwenye kadibodi na kuchungulia chini ya paa, na jengo zima limekuwa taa. Zima. Fungua paa, paka ndani rangi nyeusi, mkono wa kwanza na wa pili, na pembe zote zibe kwa utepe mweusi. Kisha gawa vyumba kwa vipande vya kadibodi nyeusi. Ofisi ya tiketi iwake. Chumba cha kusubiria kiwake hafifu. Stoo iwe giza. Hakuna stoo ya reli inayowaka usiku bila sababu ambayo polisi wangependa kuisikia.

Mjini fanya hivyo hivyo. Kati ya nyumba kumi washa nne, na katika hizo nne, dirisha moja moja. Kibanda cha chipsi kipate tyubu nyeupe, kwa sababu kibanda cha chipsi kina haki hiyo kikatiba. Nje ya hapo zuia mkono. Majaribu ni makubwa: taa bado zimebaki ishirini, adapta bado inasinzia, na kila mgeni atakayeingia atasema mbona giza. Mtu wa kwetu akiona taa isiyokolea anafikiri uniti zinakaribia kuisha.

Mjibu kwa kumpeleka Hamburg, kwa maneno tu. Huko kuna Miniatur Wunderland, iliyofunguliwa mwaka 2001, reli ya mfano kubwa kuliko zote duniani, yenye taa ndogo zaidi ya laki moja. Kila baada ya robo saa hivi taa za ukumbi zinafifia pole pole, usiku unaingia juu ya milima na miji, na watu waliolipa kiingilio wanasimama kimya kutazama. Wanachokitazama ni giza, limetobolewa hapa na pale. Wao inabidi walitengeneze kwa mitambo. Babati linakuja lenyewe saa moja kasoro, bila malipo, na siku nyingine linaletewa nguvu ya ziada.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba taa 40 zinatosha meza ya chakula, na anayeweka 100 anajenga uwanja wa mpira. Rezista za 1.8k nazo ndizo zitakazokuishia mwanzo, si LED. Ukipita Arusha au Kariakoo nunua pakiti ya mia, na kama hutojali nichukulie na mimi moja. Za hapa mjini zote ninazo mimi.